Kisanduku Kisichotoa Mwanga

Habari za umeme wa jua zimeandikwa mno, na karibu zote huanza na paneli. Picha ni ileile: kioo cha buluu juu ya bati, mtoto anasoma chini ya taa, mama anatabasamu mlangoni. Sina ugomvi na picha hiyo. Ugomvi wangu ni na kile isichokionyesha. Kati ya paneli na betri huwa kuna kisanduku, kikubwa kuliko kiberiti na kidogo kuliko daftari, chenye matundu sita ya skrubu na vitaa viwili vitatu. Mafundi wanakiita chaji kontrola, au kontrola tu. Hakitoi mwanga, hakipigi muziki, hakionyeshi mpira. Ndiyo maana watu wengi wamekiruka, wakaunga waya za paneli moja kwa moja kwenye betri, na betri zikafa changa. Fedha zilizopotea namna hiyo katika vijiji vya Afrika Mashariki ni nyingi, na waliozipoteza hawakuwa matajiri.

Mimi nafanya kazi gereji hapa Arusha, upande wa Unga Limited, chini ya fundi umeme wa magari. Jioni ndiyo naandika. Wenzangu kijiweni wananicheka: eti historia ya waya! Basi na iwe historia ya waya. Za wafalme na magavana tumesomeshwa za kutosha.

Inabidi tuanze na betri, maana huyo ndiye mgonjwa wetu. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitumbukiza mabamba ya risasi ndani ya tindikali, akapata betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa tena na tena. Miaka zaidi ya mia na sitini imepita, na betri iliyo chini ya boneti ya daladala bado ni mjukuu wa ile ya Planté. Ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti mbili na kidogo, jumla tunaita 12. Ikishiba na kupumzishwa inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 ujue inalia njaa.

Betri hiyo ina vifo viwili vikuu. Cha kwanza ni njaa: ukiinyonya mpaka chini ukaiacha hivyo siku nyingi, mabamba yanaota ukoko mgumu wa salfeti, na ukoko ukishakomaa hautoki. Cha pili ni kuvimbiwa: ukiendelea kuisukumia umeme ilhali imeshajaa, ikapita volti 14.4 hivi muda mrefu, maji yaliyomo yanachemka na kutoka kama gesi, mabamba yanabaki uchi juu ya tindikali. Wajibu mkuu wa kontrola, tangu zile za kale zilizokata na kuunga kwa relei mpaka hizi za leo zenye kompyuta ndogo ndani, ni kuzuia vifo hivyo viwili. Betri ikishiba, inaufunga mlango wa paneli. Betri ikikaribia njaa, inaufunga mlango wa taa. Kazi ya bawabu hiyo, mchana mmoja, usiku mmoja.

Sasa njoo Marekani. Mwezi wa Aprili 1954, katika maabara za Bell, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza kama asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Magazeti yalishangilia. Lakini kwangu mimi tarehe tamu zaidi ni Oktoba 1955, huko Americus, mji mdogo wa jimbo la Georgia, ambako paneli ilipandishwa juu ya nguzo ya simu ili kuendesha laini ya wakulima. Jua huzama, simu hailali. Kwa hiyo paneli ilipewa betri ya kulala nayo. Na hapo tatizo letu likazaliwa: usiku paneli haitoi kitu, na usipoizuia, umeme wa betri unaweza kurudi nyuma ukavujia kwenye paneli. Dawa yake ni diodi, kijidude kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Diodi ni babu wa kontrola. Alijua njia moja tu, lakini aliilinda.

Jaribio lile lilifanya kazi, ila bei yake haikushikika, na seli za jua zikahamia angani. Mwezi Machi 1958 Wamarekani walirusha Vanguard 1, satelaiti ndogo yenye redio mbili, moja ya betri ya kawaida na moja ya seli za jua. Ya betri ilinyamaza mwaka huohuo. Ya jua iliendelea kuita mpaka 1964. Watu waliichukua habari hiyo kama ushindi wa jua juu ya betri. Mimi naona waliisoma nusu: Vanguard haikuwa na taa ya kuwasha usiku. Mwenye haja ya usiku hana ujanja, atarudi kwa Planté.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Elliot Berman, kwa fedha za kampuni ya mafuta ya Exxon, alitafuta namna ya kutengeneza paneli kwa vitu vya bei nafuu, akaishusha bei kutoka dola 100 hivi kwa kila wati hadi kama dola 20. Wanunuzi wake wakubwa wa mwanzo, na hapa cheka kidogo, walikuwa watu wa mafuta wenyewe, waliotaka taa za tahadhari kwenye mitambo yao katika Ghuba ya Meksiko. Kutoka hapo paneli zilianza kuteremka kwa watu wa kawaida, na miongoni mwa watu wa kawaida waliozipokea mapema walikuwepo wenye gari-nyumba.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona: gari-nyumba ni basi au lori lenye kitanda, jiko, jokofu na choo ndani yake. Kampuni ya Winnebago, ya Iowa, ilianza kuyatoa kiwandani mwaka 1966, na Wamarekani wastaafu wakayapenda kupita kiasi. Kila majira ya baridi maelfu yao wanakimbilia jangwa la Arizona, kwenye kijimji kinachoitwa Quartzsite, wanaegesha mchangani miezi kadhaa. Hakuna soketi jangwani. Ukiwasha taa kwa betri ya gari usiku kucha, asubuhi gari haliwaki, na ukiwa peke yako utasukuma mpaka uchoke. Jawabu la kwanza lilikuwa kuweka betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya nyumba, katikati relei inayoziunga injini ikiwaka na kuzitenga ikizima. Betri za nyumba mara nyingi zilikuwa zile za vigari vya uwanja wa gofu, volti sita sita, mbili zikafungwa mfululizo zikawa 12. Zina mabamba mazito, zinavumilia kunyonywa. Betri ya kuwashia ina mabamba membamba mengi, imeumbwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha irudishiwe papo hapo. Kuifanya ilale na taa ni kumpa mkimbiaji wa mita mia kazi ya hamali.

Wale wazee wa jangwani hawakujua, lakini walikuwa wanaandaa umeme wa watu wengine. Kwa sababu yao na wenye mashua, kulikuwa na soko zima la vitu vya volti 12: taa, feni, redio, pampu, televisheni. Paneli nazo zilishonwa kwa kipimo hichohicho. Paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36, na kila seli inatoa kama nusu volti, hivyo ikifanya kazi inasimama kwenye 17 hivi, na isipofungwa kitu inapanda mpaka kama 21. Mbona nyingi hivyo kwa betri ya 12? Kwa sababu ya joto. Paneli ya seli 36 hupoteza kama volti 0.08 kwa kila digrii moja inayozidi 25. Juu ya bati la saa saba mchana, paneli ikifika digrii 60, karibu volti tatu zimekwenda. Zile za ziada ni akiba ya siku kama hiyo.

Katika miaka ya 1980 ilikuja hila moja iliyouzwa sana kwa wenye gari-nyumba. Walisema: ya nini kontrola? Tutashona paneli ya seli 30 tu, nguvu yake iishie karibu na pale betri inaposhiba, ijizuie yenyewe. Kwenye karatasi ni akili nzuri. Kwenye baridi ya Oregon huenda ikakubali. Lakini chukua paneli hiyo kwenye jua kali, toa volti mbili na ushee za joto, inabaki na 12 na kitu. Betri haishibi kamwe. Inaonekana inachajiwa kila siku, kumbe inakufa njaa mezani. Nimetaja hila hii kwa sababu hamu ya kukiruka kile kisanduku haikuanza kwa maskini wa kwetu. Wenye fedha zao waliitamani vilevile.

Mwaka 2022 lori-nyumba moja liliingia gerejini kwetu. Mzee na mkewe, Wajerumani, wametokea Namibia kwa barabara. Betri zao za nyumba zilikuwa changa, hazikuwa na mwaka, na jokofu lilikuwa linazima kila alfajiri. Mfumo walikuwa wamefungiwa na karakana moja huko njiani. Fundi wangu, sisi tunamwita Babu ingawa hajafika sitini, aliwasikiliza huku mimi natafsiri, kisha akapanda ndani na testa. Kontrola ilikuwa juu kabisa karibu na dari, imefungwa vizuri, inapendeza. Betri zilikuwa nyuma chini ya kitanda. Kati yao mita sita za waya mwembamba, wa milimita moja na nusu.

"Kijana," akaniambia, "pima hapa, halafu pima kule."

Kwenye kontrola, 14.4. Kwenye nguzo za betri, 13.7. Volti 0.7 zilikuwa zimeliwa na waya. Unaweza kupiga hesabu mwenyewe: mita sita kwenda na sita kurudi, ampea tano zinapita, shaba nyembamba kiasi hicho hula karibu kabisa na hiyo tofauti. Kontrola haioni betri. Inaona ncha ya waya. Ilikuwa inasoma 14.4, inadhani mgonjwa ameshiba, inaanza kubana paneli mapema, na jua linazama betri bado ina nafasi. Siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, ule ukoko wa salfeti unajijenga taratibu.

Babu alikihamisha kisanduku, akakileta hatua moja kutoka kwenye betri, akabadilisha waya kuwa wa milimita sita. Akaweka fyuzi kwenye waya mwekundu, shubiri moja kutoka nguzo ya betri. Yule mzee akauliza kwa nini pale na si kwenye paneli. Babu akacheka. Paneli ukiigusanisha waya zake inatoa zile ampea zake tano sita, haina zaidi. Betri ukiigusanisha inatoa mamia, waya unakuwa mwekundu kama mkaa, na mmelala juu yake.

Halafu likaja la mpangilio, na hili lishike kama utawahi kufunga sola. Waya za betri zinaingia kwenye kontrola kwanza. Paneli mwisho. Ukifungua, paneli inatoka kwanza, betri mwisho. Kontrola hujitambulisha kwa betri: inasoma kama ni mfumo wa 12 au wa 24, na inasimama juu ya volti zake. Ukitanguliza paneli, kile kisanduku kinapokea volti 21 zinazopanda na kushuka bila kitu cha kuzituliza, na kuna zinazoungua hapohapo. Babu ana msemo wake: mwenye nyumba aingie kwanza, mgeni abishe hodi baadaye. Kwenye gari kuna jambo la nyongeza: bodi yote ya chuma ni waya mweusi. Kuna kontrola zinazokata umeme kwa upande wa waya mwekundu, na kuna zinazokata kwa upande wa mweusi. Hizi za pili, ukiunga waya mweusi wa paneli au wa taa kwenye bodi, umeme unapita uani, bawabu amekaa mlango wa mbele anasinzia.

Wajerumani walikwenda zao Ngorongoro. Mimi nilibaki nikiwaza habari za Meru, si huu mlima wetu wa Meru bali Meru ya Kenya, upande wa pili wa Mlima Kenya, ambako mambo haya yaliwahi kufanywa na watu wasio na gari wala likizo.

Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, huko Meru, palifungwa taa za sola. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, alikuwa akifundisha pale, na mhandisi Mmarekani aliyeishi Kenya, Harold Burris, mwenye kikampuni kilichoitwa Solar Shamba, ndiye aliyekuwa na ujuzi. Shule haikuwa na umeme wa gridi. Lililofuata ndilo muhimu kwangu: walimu waliona taa za darasani, wakataka majumbani kwao. Burris na Hankins wakafundisha vijana wa palepale kufunga, kazini, kwa mikono. Hao vijana wakaenda kufunga kwa majirani, wakulima wa kahawa na chai, wenye fedha kidogo za msimu na hamu kubwa ya televisheni.

Narudia, televisheni. Wafadhili walipenda kusikia habari za mwanafunzi na kitabu, na mwanafunzi alikuwepo kweli, lakini kilichomtoa baba fedha mfukoni mara nyingi kilikuwa ile televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokula volti 12. Kenya ilikuwa na matangazo tangu 1962. Sisi Tanzania Bara tulingoja mpaka 1994, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, ya wao kututangulia kwenye sola. Kabla ya paneli, watu walikuwa tayari na televisheni na betri ya gari. Betri inabebwa kwa baiskeli au inapandishwa juu ya matatu kwenda mjini kuchajiwa, inarudi jioni, tindikali imetoboa suruali. Paneli ilikuja kumwondolea mtu safari hiyo. Ukiangalia vizuri, nyumba ile ya mkulima ilikuwa gari-nyumba lisilo na magurudumu: betri ya gari, taa za gari, televisheni ya gari, chini ya paa la mabati. Kiwanda cha betri cha Nairobi nacho kilitambua, kikaanza kuuza betri ya sola, ambayo kwa kweli ilikuwa betri ya gari iliyoongezwa ustahimilivu kidogo.

Miaka ya 1990 biashara ikalipuka. Paneli ndogo za wati 10 mpaka 14 zikaingia madukani, zikauzwa kama redio: unalipa, unafungiwa kwenye boksi, unapanda basi. Ilipofika mwaka 2000, makadirio ya Kenya yalikuwa zaidi ya mifumo 100,000 majumbani, mingi imenunuliwa kwa fedha taslimu za wananchi wenyewe. Waliokwenda vijijini kuikagua walikuta jambo moja likijirudia: nyumba nyingi hazikuwa na kontrola.

Hapa wataalamu wengi wa wakati ule walitikisa vichwa wakasema ni ujinga. Mimi sikubaliani nao. Hebu kaa kwenye kiti cha mnunuzi. Una fedha za paneli na betri, na kidogo ya ziada. Kwa ile ya ziada unaweza kununua kisanduku kisichotoa mwanga, au taa ya pili ya jikoni. Muuzaji mwenyewe hakukazii. Fundi anakwambia: paneli ya wati 12 haitoi hata ampea moja, itawezaje kuchemsha betri ya ampea-saa 50? Na fundi yuko sahihi! Kwa paneli ndogo namna hiyo kifo cha kuvimbiwa ni nadra. Alichosahau ni kifo cha njaa. Paneli ndogo, televisheni inakaa mpaka saa nne za usiku, mawingu ya Julai yanakaa wiki nzima. Betri inashuka, inashuka, na hakuna wa kufunga mlango.

Na walioinunua kontrola? Inazima taarifa ya habari katikati. Kitaa chekundu kinawaka, televisheni inakufa, wageni wamejaa sebuleni, mpira umefika dakika ya themanini. Ungefanya nini wewe? Unachukua kipande cha waya unakirukia kisanduku, umeme unapita pembeni, mpira unaisha. Kesho unasahau kukitoa. Kipande hicho cha waya kimeua betri nyingi kuliko radi. Lakini angalia kosa liko wapi: kisanduku kilijua hali ya betri tangu jioni, na hakikuwa na namna ya kumwambia mwenye nyumba isipokuwa kwa kumwadhibu. Kilitengenezwa na wahandisi kwa ajili ya betri. Mtu hakuwa kwenye mchoro. Betri iliyopaswa kuishi miaka minne au mitano iliishi mwaka mmoja au miwili, na kuinunua upya ndiko kulikozima nyumba nyingi kabisa. Paneli ikabaki juu ya bati, nzima, inakusanya vumbi.

Walikuwepo waliolifikiria hili. Hankins mwaka 1991 alitoa kitabu cha kiufundi juu ya mifumo midogo ya sola kwa Afrika, kilichoandikwa kwa fundi wa kijijini, si kwa profesa. Kwetu Tanzania, huko Karagwe mkoani Kagera, katika miaka hiyo ya 1990 kilianzishwa kituo cha KARADEA cha kufundishia mafundi wa sola, karibu kabisa na mpaka wa Rwanda na Uganda. Kule Marekani, mwaka 1993, ilianzishwa kampuni ya Morningstar, ambayo kontrola yake ndogo, SunSaver, ilitumika kwenye gari-nyumba na vijijini vilevile, chombo kilekile, skrubu zilezile. Siku hizi sokoni ziko za bei chee za kila namna. Tahadhari moja tu nikupe bure: nyingi zimeandikwa MPPT, ile aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea badala ya kuzitupa. MPPT ya kweli ina koili ndani, ina uzito mkononi. Ukiinua kitu chepesi kama kopo tupu, maandishi hayo ni urembo.

Kisha ukaja mgeuko ambao Planté asingeuota. Mwaka 2007 Kenya ilianza kutumia M-Pesa. Mwaka 2012 M-KOPA ikaingia sokoni na kisanduku cha sola chenye laini ya simu ndani: unalipa kianzio, unapewa paneli, betri, taa, halafu unalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Hapa Arusha, Off Grid Electric ilianza na mtindo wa aina hiyohiyo mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2010. Kontrola, betri na swichi vyote vimefungiwa pamoja, huwezi kukosea waya kwa sababu hakuna waya wa kukosea. Kosa la Meru limerekebishwa: hakuna nyumba inayouziwa mfumo bila bawabu, wala kipande cha waya cha kumzunguka. Kwa betri hiyo ni neema tupu. Lakini bawabu amepewa amri ya tatu. Zamani alifunga mlango betri ikishiba na betri ikiona njaa. Sasa anafunga pia siku salio lako likiisha. Jua linawaka, paneli inatoa, betri imejaa, na taa haiwaki.

Sisemi ni dhuluma. Bila mkopo ule, wengi wangebaki na kibatari, na mkopeshaji naye hana mahakama ya kumfuata mtu kwa deni la taa. Nasema tu kwamba kisanduku kilichozaliwa kumlinda mgonjwa sasa kina bwana wa pili, na kijana anayetaka kuandika habari za nchi hii ana haja ya kujua kukifungua na kukisoma.

Jirani yetu mmoja wa Ngaramtoni, mama wa watoto watatu, alichukua mmoja wa mifumo hiyo ya mkopo. Alilipa zaidi ya mwaka. Wiki mbili katikati alikaa gizani, mahindi yalikuwa hayajauzwa. Siku alipomaliza ulikuja ujumbe kwenye simu kwamba kifaa sasa ni chake. Alikuja gerejini na kile kisanduku kwenye kikapu, akaamkia, akamwuliza Babu kama kweli hakitazima tena. Babu akakishika, akapima betri: 12.6.

"Hakitazima kwa deni, mama," akamwambia. "Kwa njaa ya betri kitazima. Hapo usikilazimishe."

Akauliza betri ikichoka itabadilishwa kwa shilingi ngapi, Babu akamtajia bei, wakaanza kupatana.